Mchakamchaka wa Watu Wazima

Nilianza kukimbia kwa kuogopa kiboko. Mwaka 1981, nikiwa darasa la kwanza katika shule moja nje kidogo ya mji wa Morogoro, siku ilianza kwa kuwahi namba, na baada ya namba ukafuata mchakamchaka. Kiranja mkuu mbele, mwimbishaji katikati, mwalimu wa zamu nyuma juu ya baiskeli, kiboko amekilaza kwenye usukani. Tulikimbia peku kwa mistari miwili, vumbi la walio mbele likiishia puani mwa walio nyuma, mwimbishaji anatoa, sisi tunaitikia. Sikujua kwamba nafundishwa jambo. Nilichojua ni kwamba ukikaa karibu na mwimbishaji, kiboko hakikufikii.

Leo nina miaka 52 na bado nakimbia. Siku nne kwa wiki, alfajiri, kabla barabara za Dar es Salaam hazijafunga. Vijana wa mtaani huniuliza, "Mzee, bado tu?" Wenzangu wa rika huuliza moja kwa moja habari za magoti. Maswali yote mawili yamejengwa juu ya dhana moja: kwamba mbio zina umri wake, na ukishaupita, heshima ni kukaa chini, kuagiza supu na kuwatazama wengine.

Dhana hiyo siikubali, na si kwa ubishi wa mtu anayeukataa uzee. Nimeuona uzee, nimekaa nao meza moja. Ninachosema ni kwamba tunalaumu umri kwa kosa lisilo lake. Sisi hupenda mbio mara mbili maishani. Mara ya kwanza tukiwa watoto, kwa amri: mchakamchaka, UMISSETA ya michezo ya sekondari, na waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wakaongezewa dozi. Mara ya pili tukiwa na miaka 45 hivi, kwa amri tena, safari hii ya karatasi ya daktari yenye presha 150 kwa 95. Katikati pana shimo la miaka ishirini na ushee ambamo mtu hakimbii hata kuwahi daladala, maana amenunua gari. Mtu anatoka shimoni na kitambi, anavaa raba alizonunua jana, anajaribu kukimbia kama alivyokimbia akiwa kidato cha nne. Akiumia wiki ya pili, tunasema ni umri.

Shimo hilo si la kuchekesha. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika nchini mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana presha ya juu. Angalia umri huo unaanzia wapi. Wengine hawajaoa.

Kila baraza lina mtu atakayekutajia fulani aliyeanguka akiwa kwenye jogging. Wapenzi wa kitimoto wanayo mifano hiyo kwa wingi, na mkubwa kuliko yote walipaswa kuujua: Jim Fixx, Mmarekani aliyeandika kitabu kilichouzwa sana na kuwaingiza wenzake wengi barabarani miaka ya sabini. Tarehe 20 Julai 1984, huko Vermont, alianguka akafa akiwa anakimbia. Alikuwa na miaka 52. Umri wangu huu huu, na nakiri kwamba mwaka huu nimeifikiria habari yake mara nyingi kuliko kawaida. Lakini isikilize yote. Mishipa ya moyo wake ilikutwa imeziba. Baba yake alipata shambulio la moyo akiwa na miaka 35 na akafariki kwa moyo akiwa na 43. Fixx mwenyewe alianza kukimbia akiwa na miaka 35, akitokea kwenye sigara nyingi na unene. Mbio zilimpa miaka tisa zaidi ya baba yake, au hazikumpa chochote, hakuna awezaye kuapa. Linaloonekana ni kwamba alibeba ndani ya kifua mzigo wa shimo lake na wa ukoo wake, na kukimbia kwingi hakukumwondolea haja ya kupimwa. Anayetoka shimoni akapime moyo kwanza, raba zitamsubiri.

Mwaka huo huo wa 1984, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walianza kuwafuatilia wanachama 538 wa klabu za mbio, wote wenye miaka 50 na kuendelea, pamoja na watu 423 wenye afya wasio wakimbiaji. Baada ya miaka 19, asilimia 15 ya wakimbiaji walikuwa wamefariki; upande wa pili, asilimia 34. Ulemavu wa uzeeni, ule wa kushindwa kuinuka kwenye kiti au kuvaa nguo mwenyewe, uliwachelewa wakimbiaji kwa miaka mingi. Na magoti? Baadhi yao walipigwa picha za eksirei kwa karibu miongo miwili, na magoti ya wakimbiaji hayakuonekana kusagika kuliko ya wenzao.

Mtu makini atauliza: je, hao si watu ambao tangu mwanzo walikuwa wembamba, hawavuti sigara, wana fedha za matibabu? Ni swali la haki. Watafiti walijaribu kuliondoa kwenye hesabu, lakini huwezi kumpangia mtu kwa kura awe mkimbiaji kwa miaka 19, kwa hiyo kivuli cha swali hilo kinabaki. Hata ukikata tofauti ile nusu, bado ni kubwa. Na hoja ya magoti haikatiki kirahisi, maana kama lami ingekuwa inasaga magoti kama tunavyoambiana, ilikuwa na miaka karibu ishirini ya kufanya kazi hiyo.

Sasa niseme yaliyo kweli upande wa umri, nisije nikaonekana muuza dawa. Kuanzia miaka ya thelathini, uwezo wa mwili kutumia oksijeni hupungua, kwa asiyefanya mazoezi ni kama asilimia kumi kila muongo. Anayejituma hupoteza pungufu ya hapo, lakini hupoteza. Moyo hauwezi tena kupiga haraka kama zamani. Kano hukauka na kuchelewa kupona. Mwaka 2003, Kilimanjaro Marathon ilipofanyika kwa mara ya kwanza pale Moshi, nilikimbia nusu yake kwa saa 1 na dakika 41. Mara ya mwisho nilitumia saa 2 na dakika 9, na kile kilima cha kwenda Mweka nilikipanda sehemu kwa miguu, mikono kiunoni, nikipitwa na msichana aliyekuwa anapiga picha huku anakimbia.

Umbali wa kutoka saa 1 na dakika 41 hadi saa 2 na ushee niliukataa kwa muda mrefu, na kuukataa ndiko kulikoniumiza. Nikiwa na miaka 46 nilijipangia kurudisha muda wa ujana. Wiki ya tano kano ya kisigino cha kulia ilivimba, ikawa ngumu kama kamba ya katani iliyolowa maji. Asubuhi nilikuwa nashuka kitandani natambaa na ukuta hadi chooni. Daktari niliyemwendea aliukandakanda mguu, akatazama tarehe ya kuzaliwa kwenye fomu, akasema, "Mzee wangu, kwa umri huu ungetembea tu." Kuanzia hapo mguu wangu hakuuzungumzia tena, alizungumzia fomu.

Aliyenisaidia ni mtaalamu wa viungo, binti mdogo sana. Akanisimamisha kwenye ngazi, vidole juu ya ukingo, visigino hewani. "Shuka polepole, baba. Polepole zaidi ya hapo. Kupanda tumia mguu usiouma." Mara 15, pumzika, mara 15, pumzika, mara 15. Asubuhi na jioni, wiki 12, hata kama inauma kidogo. Hakuna zoezi linalochosha akili kama lile. Nilishuka ngazi ya nyumbani mara nyingi kuliko wote waliowahi kuijenga na kuisafisha. Mwezi wa nne nikaanza kukimbia tena, dakika moja mbio, dakika mbili kutembea, na wakati huo ndipo mchakamchaka uliponirudia kichwani.

Wanaofundisha mazoezi wana kipimo kisichohitaji mashine. Ukikimbia huku unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko kasi ya wastani. Ukishindwa kutoa zaidi ya maneno machache bila kutweta, umeingia kasi kali. Ukiweza kuimba wimbo mzima kama uko kwaya, bado unatembea tu. Sasa fikiria ule wimbo wetu wa shule. Mwimbishaji anatoa mstari mrefu, kwa hiyo huyo lazima awe na mapafu. Wewe unaitikia maneno mawili matatu, halafu unavuta pumzi wakati anatoa mstari mwingine. Unaongea nusu, unapumua nusu. Ni kipimo kile kile, kimefungwa ndani ya mdundo wa miguu, na hakuna mwalimu wa zamu aliyejua kwamba anacho. Kundi lilikwenda kwa kasi ya wimbo, si kwa kasi ya mtoto mwenye mbio kuliko wote. Aliyekuwa na nguvu alijizuia ili wimbo usikatike. Mnyonge alibebwa na sauti.

Tulipokua tukatupa kila kitu pamoja na kiboko. Kiboko kilistahili kutupwa. Nina hakika wapo Watanzania wengi wa rika langu ambao miguu yao hadi leo inakumbuka kukimbia kama adhabu, na siwalaumu. Lakini pamoja nacho tukaitupa kasi ya wimbo, na siku tuliporudi barabarani tukarudi na saa za mkononi zinazosoma mapigo ya moyo na kutuma matokeo kwenye simu za marafiki. Nimekimbia na wenye saa hizo, Masaki na juu ya Daraja la Tanzanite. Watu wazuri, wakarimu wa maji na ndizi. Ila ukiwasikiliza, mazungumzo yao yote ni dakika kwa kilomita, na kila Jumamosi kuna mmoja amebaki nyumbani na barafu gotini.

Kasi ya wimbo imehifadhiwa kwingine. Nenda Temeke, Mbagala au Buguruni Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Utasikia klabu ya jogging kabla hujaiona. Tisheti za rangi moja, filimbi, gari moja nyuma linamulika taa, na katikati yupo mwimbishaji, mara nyingi mtu mzima mwenye sauti ya mkwaruzo. Wanatembeleana klabu kwa klabu, wanafanya bonanza, wanachangiana misiba. Madereva wengi huwatukana, na mimi nikiwa garini nimewahi kuudhika nao. Lakini ukitazama ndani ya kundi lile unaona kina mama wa miaka 50, mafundi gereji, bibi mwenye mtandio na traksuti anayeburuza miguu huku anaitikia. Hakuna anayejua amekimbia kilomita ngapi. Anajua wamefika wapi: hadi kwa Azizi Ali na kurudi.

Dada yangu ni mmoja wao. Alianza akiwa na miaka 48. Kwa wanawake shimo ninalolisema ni refu zaidi: mimba, kulea, kazi ya ofisi na kazi ya jikoni, halafu hata akipata nafasi, ni nani atatoka peke yake saa kumi na moja alfajiri na bukta, kwenye mitaa ambayo hata mchana mwanamke hapiti bila kupigiwa mluzi? Nilimshauri miaka mingi aanze kukimbia. Ushauri wangu ulikuwa wa mwanaume. Kilichomtoa ndani ni watu arobaini waliopita mlangoni kwake wakiimba.

Wapo waliolivuka shimo na kufika mbali kuliko inavyodhaniwa. Kenneth Mungara wa Kenya alikuwa kinyozi. Wateja wake walikuwa wanariadha, na kwa kusikiliza habari za zawadi walizokuwa wakishinda naye akaanza kukimbia, katika umri ambao wengine huanza kufikiria kustaafu. Julai 2015, akiwa na miaka 41, alishinda marathoni ya Gold Coast, Australia, kwa saa 2:08:42. Mwaka uliofuata akarudi akashinda tena.

Ninayempenda zaidi ni Ed Whitlock, Mwingereza aliyehamia Kanada. Alikimbia akiwa kijana, akaacha, akarudi alipovuka umri wa miaka 40. Mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alikimbia marathoni ya Toronto kwa saa 2:54:48, muda ambao vijana wengi wa hapa wenye saa za kisasa hawataugusa. Oktoba 2016 akiwa na miaka 85 akakimbia kilomita 42 chini ya saa nne. Na mazoezi yake? Alikuwa anazunguka makaburini karibu na nyumbani kwake, mzunguko mfupi, polepole, hadi saa tatu kwa siku, bila kocha, na raba za miaka mingi. Niliposoma habari hiyo nilijaribu makaburi ya Kinondoni. Mzunguko wa pili tu mzee mmoja aliyekuwa akifagia akanisimamisha na kuniuliza kwa upole kama nimefiwa.

Hata shujaa wetu tunamsimulia nusu. Kila Mtanzania anamjua John Stephen Akhwari aliyemaliza wa mwisho marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, goti limefungwa bendeji, giza limeingia, na jibu lake, kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza, tunalinukuu kwenye kila hotuba. Tunamwacha pale uwanjani, anachechemea milele. Miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 32, alikwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola akawa wa tano katika marathoni, saa 2:15. Yaani goti lilipona, mtu akaendelea na kazi. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko bendeji, lakini halifai kwenye hotuba kwa sababu halina damu. Na usiku ule wa Septemba 2025, tuliokesha kumtazama Alphonce Simbu akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 kule Tokyo na kuwa bingwa wa dunia, tulishangilia kama muujiza. Simbu alikuwa na miaka 33. Alipata shaba ya dunia London mwaka 2017. Kati ya shaba na dhahabu kuna miaka minane ya asubuhi ambazo hakuna aliyemtazama.

Hapo ndipo nina ugomvi na hizi marathoni zetu za kila wikendi. Kwanza neno lenyewe: marathoni ni kilomita 42 na mita 195, lakini kwetu hata kilomita tano za kuchangia madawati ni marathoni. Nimesamehe. Tatizo ni kwamba tumezifanya kuwa sherehe. Mkuu wa mkoa anapuliza filimbi, kuna MC, kuna tisheti na medali yenye uzito wa kufuli, na Jumatatu watu wanashuka ngazi za ofisi kinyumenyume kwa maumivu. Mwaka mzima wakikimbia mara mbili, wamekimbia mara mbili. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, au 75 za makali. Kila wiki, hata ile isiyo na tisheti. Nazipenda sherehe hizi, zimechangia fedha hospitalini na zimewaonyesha watu barabara inavyonoga bila magari. Lakini harusi si ndoa.

Na hiyo ndoa ifanyikie wapi? Pembeni mwa barabara nyingi za Dar es Salaam mahali pa mtembea kwa miguu pamechukuliwa na bodaboda, mama ntilie, mchanga wa ujenzi au mtaro usio na mfuniko. Viwanja vya wazi tulivyochezea miaka ya tisini vimeota fremu. Vilivyobaki ni vya shule, na shule za serikali zimejaa kila kata, kila moja na kiwanja chake cha udongo, kitupu kuanzia saa kumi jioni na tangu alfajiri hadi kengele. Tungefungua mageti hayo kwa saa mbili kwa siku, mtu wa miaka 25 angekuwa na mahali pa kutoachia mbio, na yule wa miaka 48 mahali pa kuanzia bila kuchekwa. Ni kazi ya kikao kimoja cha kamati ya shule na makubaliano ya nani anashika ufunguo.

Shule iliyo karibu na kwangu ilijengewa ukuta miaka michache iliyopita, wa tofali, umelipwa kwa michango ya wazazi nikiwemo mimi. Geti hufungwa watoto wakishatoka. Kwa hiyo mimi hukimbia kwa nje. Nimeupima ukuta kwa hatua: mzunguko mmoja ni mita 410 hivi, kona ya pili ina shimo la maji, ya nne ina mbwa. Siku za kazi huenda mizunguko 15, nikiitikia kimoyomoyo wimbo wa mwaka 1981. Mlinzi amezoea kukaa na kiti chake getini, na siku hizi ananihesabia kwa kupanga vijiwe. Juzi nilipopita nikimuaga alinyoosha kidole kwenye vijiwe vyake akasema, "Kumi na nne, mzee. Bado mmoja."